Mikono ya Mzee Owor

Ukuta ndio ulioonekana. Kabla ya nyuso za watu, kabla ya Amondi kupiga magoti, mimi hukumbuka ukuta ule wa udongo nyuma ya mzee, ufa mmoja ukiushuka kutoka kwenye paa, na kalenda ya kanisa kwenye msumari wake. Vyote vilitulia kwenye skrini ya televisheni. Mbele yake, mahali palipostahili kuwa na mikono ya Mzee Owor juu ya ngoma, palikuwa na miraba ya rangi ya kahawia ikisukumana kama vifaranga kapuni.

Na sauti. Tik. Tik-tik. Tik. Kama kuku anayedonoa mahindi kwenye sinia la bati.

Watu karibu mia mbili walikuwa wamekuja Kisoko mchana ule kumaliza matanga ya mzee, siku ambayo Wadhola huiita lumbe. Mtu mmoja nyuma akauliza kitu kwa lugha yao, taratibu, na hata mimi Mteso nikaelewa. Aliuliza ngoma iko wapi.

Nilikuwa nimesimama kando ya spika, waya mkononi. Nilijua iko wapi. Haikuwa popote. Nilikuwa nimeitupa mwenyewe, Jumanne moja, huku nikitafuna muhogo.

*

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikumwogopa mtu. Nilifanya kazi katika kibanda cha Paddy pale Busia, hatua chache kutoka mpakani, ambapo watu wa pande zote mbili walileta simu zao tuzijaze nyimbo, mahubiri, mpira na filamu zilizotafsiriwa. Mteja wa mpakani haulizi ubora. Anauliza ngapi. Ukimpa nyimbo mia tatu kwenye kadi, na kibanda cha pili kikampa mia tano, umempoteza. Kwa hiyo kazi yetu hasa ilikuwa kufinya mafaili yawe madogo, na katika kufinya hapakuwa na fundi kunizidi kuanzia Malaba mpaka ziwani.

Niliielewa kazi hiyo, sikuifanya kwa kubahatisha. Kompyuta haina sikio wala jicho. Sauti ikiingia hukatwa vipande, maelfu kwa maelfu katika kila sekunde, na kila kipande hupewa namba: hapa wimbi lilipanda kiasi hiki, hapa lilishuka kiasi hiki. Picha nayo ni miraba midogo, kila mraba na namba za rangi yake. Ukitaka faili liwe dogo, unatupa namba. Ufundi wote ni kujua utupe zipi mteja asigundue.

Lakini ufundi huo niliuona wa tumbo tu. Kwa moyo nilikuwa mshairi. Nilijifunza arudhi peke yangu, kutoka katika kitabu cha shule kisicho na jalada, na nilipojua kuhesabu mizani nikawa balaa. Nilimwambia mwalimu mmoja wa Masaba, mbele ya wanafunzi wake, kwamba mshororo wake wenye mizani saba badala ya nane unachechemea kama mbuzi aliyegongwa na bodaboda. Wanafunzi walicheka. Mwalimu alikunja karatasi yake akaitia mfukoni, nami nikaona nimeitetea lugha.

Mashairi yangu nilijirekodi mwenyewe, picha na sauti, nimesimama juu ya mawe ya Buteba na shati jeupe. Thelathini na tisa. Sikuyafinya hata moja. Yalikaa katika kompyuta ya kibanda kwa ukubwa wake wote, kila pumzi, kila mkwaruzo wa koo.

"Hayo mashairi yako yangekuwa ugali," Paddy alikuwa akiniambia, "mimi ningekuwa nimevimbiwa zamani."

"Wewe ungevimbiwa hata kwa methali, bosi."

Alicheka. Alikuwa Msamia mnene mwenye subira, na alinipenda kuliko nilivyostahili.

*

Amondi aliuza viatu vya mtumba upande wetu wa mpaka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia wateja kutoka mbali. Siku aliyoleta simu yake aliishika kwa mikono miwili.

"Fundi, hii simu nakufa."

"Simu hazifi, dada Amondi. Zinachoka."

"Hii nakufa. Naijua dalili. Baba pia alianza hivi, asubuhi mzima, mchana anazima."

Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba babake alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Yeye hakukasirika. Alivuta kigoda, akanieleza.

Katika boma lao kuna ngoma ndefu, fumbo, inayopigwa na wanaume tu. Kila nyumba ina fumbo, alisema, lakini nyumba ya babake ilikuwa na mapigo yake yenyewe, marefu, yenye sehemu nne, na ndiyo yaliyowafungia matanga wazee wao wote. Mzee Owor ndiye peke yake aliyeyajua hadi mwisho. Mwanawe Opendi alikuwa daima kwenye malori ya Juba, hakupata kujifunza. Mzee alipoona mwili unamwacha, alimwita binti yake, akamwambia alete simu.

"Mimi siwezi gusa ile ngoma," Amondi alisema. "Hata kufagia, nafagia kuizunguka. Lakini hakuna mtu alisema simu isiguse."

Alisimama na simu dakika arobaini na nane, mzee akipiga, akipumzika, akipiga tena. Babake mdogo, Mzee Oketcho, alikuja juu. Alisema ngoma haibebwi na mwanamke, hata ndani ya simu. Marehemu alimjibu: basi ibebe wewe. Oketcho akanyamaza, kwa sababu alijua sehemu ya kwanza tu.

"Sasa siku ya lumbe, Opendi atakaa karibu na televisheni na fumbo yake, atamfuata baba. Unaelewa? Baba atapiga lumbe yake mwenyewe, na kijana atashika kutoka kwake. Mimi nimeapa mbele ya wazee. Hii video ikipotea, mimi nitaenda wapi?"

"Umeiangalia?"

"Tangu afe, hapana. Siwezi kumwangalia mpaka lumbe. Wewe weka tu. Weka vizuri."

Niliweka vizuri. Video ilikuwa na giga sita. Niliinakili katika kompyuta, nikaifungua nione inacheza, kisha nikaiflashi simu ikarudi tupu kama ilivyotoka dukani. Nilimwambia babake yuko salama kwangu. Nakumbuka nilitamka maneno hayo kwa madaha, nikiyapenda yanavyosikika.

*

Miezi mitatu baadaye diski ilijaa. Kijana mmoja wa Busitema, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amesema mbele za watu kwamba vina vyangu ni vya kulazimisha. Nilikuwa nimemtungia jibu, beti kumi na nne, na nilitaka kulirekodi siku ile ile hasira ikiwa bado moto. Kompyuta ikaniambia hakuna nafasi.

"Futa moja lako la zamani," Paddy alisema, akitoka kwenda kunywa chai.

Kufuta langu! Nilipanga mafaili kwa ukubwa. La kwanza kabisa, juu ya filamu zote, lilikuwa la Amondi. Nililifungua. Mzee aliyevaa fulana alikuwa ameketi mbele ya ukuta, akisema jambo kwa Kidhopadhola huku akikohoa. Nikatazama sekunde kumi. Nikasema moyoni: mzee anaongea. Kwa mzee anayeongea, ule muundo mdogo wa simu za vitufe unatosha.

Amondi alikuwa ameniambia ni ngoma. Nisiseme nilisahau. Sikutaka kukumbuka.

Ule muundo nilikuwa nikiujua kama kiganja changu. Ulitengenezwa ili watu wazungumze kwenye simu. Unalijua koo la binadamu, na chochote ambacho koo haliwezi kukitoa, mvumo wa chini hasa, unakihesabu kuwa takataka. Upande wa picha ni hivyo hivyo. Kompyuta haihifadhi picha nzima kila mara. Huhifadhi moja, kisha huandika tu kilichobadilika. Kisichosogea hakigharimu kitu. Kinachosogea ndicho ghali, na ukiibana video kupita kiasi, kinachosogea ndicho kinachosagwa. Haya yote niliyajua. Laiti ningekuwa mjinga.

Nilibonyeza. Nikanunua muhogo wa kuchoma kwa mama wa jirani, nikala nikitazama asilimia zikipanda. Giga sita zikawa mega thelathini na nane. Nilijisifu, kusema kweli; nilitamani mtu awepo aone. Kisha nikafuta lile kubwa, nikavaa shati jeupe, nikaenda kurekodi matusi yangu kwa ukubwa wake wote.

*

Pale Kisoko walinipa kiti cha mbele. Amondi alikuwa amemwambia kila mtu kwamba mimi ndiye fundi niliyemtunza babake, na wanawake waliniletea maji ya kunawa kabla ya watu walionizidi umri mara tatu. Opendi alikuwa amefika alfajiri kutoka Juba, macho mekundu kwa vumbi na usingizi. Aliketi kando ya televisheni na ngoma ndefu katikati ya magoti, mikono ya shati ameikunja. Mzee Oketcho alikaa kwenye kiti cha enzi cha plastiki, fimbo imelala mapajani, uso umefungwa.

Niliwasha jenereta. Nikabonyeza.

Sauti ya mzee ilitoka safi kabisa. Hilo ndilo lililoniua. Ule muundo unapenda sauti za watu. "Nyara," alisema, yaani binti yangu, kisha maneno mengine ambayo Amondi alinitafsiria kwa haraka, akicheka na machozi yakimtoka: "Anasema nisimame imara, nisiyumbe kama Opendi akitoka kwa Harriet." Harriet alikuwa muuza pombe wa njia panda, naye alikuwepo, akapiga kigelegele kabla ya wote. Uwanja mzima ukaitika. Vikongwe walishika vichwa. Mzee alikuwa amerudi. Hata Oketcho alisogea mbele kitini. Opendi aliinua viganja juu ya ngozi, akasubiri.

Kisha mzee akaanza kupiga.

Tik. Tik-tik. Tik.

"Elungat," Amondi alisema bila kunigeukia. "Ongeza sauti."

Niliongeza. Zile tik zikawa kubwa. Opendi alishusha kiganja kimoja, akagusa, akakiinua, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Alimtazama babake kwenye skrini ili aone mikono, na mikono haikuwepo. Kulikuwa na ukuta, ufa, kalenda, na uji wa rangi ya kahawia.

"Ngoma iko wapi?" Mzee Oketcho aliniuliza mimi, kwa Kiswahili.

Nimetunga majibu mengi tangu siku ile. Nimeyatunga njiani, nimeyatunga kitandani, kwa vina na bila vina. Yote ni mazuri. Lakini lililotoka kinywani mwangu, kwa sauti ileile kavu niliyotumia kumwambia mwalimu wa Masaba kuhusu mbuzi wake, lilikuwa hili:

"Simu ya dada ilikuwa ya bei rahisi, mzee. Haikushika ngoma. Mimi nimeweka nilicholetewa."

Amondi aligeuka akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko swali linavyohitaji.

"Nilisema," Mzee Oketcho alisimama. "Nilisema hapa hapa, ndugu yangu akiwa hai. Hii ngoma imekataa mkono ya mwanamke. Mmesikia wenyewe? Maneno yamepita. Ngoma imebaki."

Watu waliguna. Walikuwa wamesikia, kweli. Kila mmoja wao alikuwa amesikia sauti ya mzee ikipita katika simu ya binti yake na ngoma ikikataa kupita. Ungewaambia nini? Ushahidi ulikuwa umekaa mbele yao na spika mbili.

Amondi alipiga magoti. Alipiga magoti mbele ya babake mdogo, mbele ya ukoo wake na wageni wote, akaomba radhi kwa kuibeba ngoma. Mimi nilikunja waya. Nakumbuka niliukunja vizuri sana, mzunguko juu ya mzunguko. Oketcho alimwambia Opendi apige sehemu ya kwanza, ile iliyojulikana, na Opendi akaipiga, na lumbe ya Mzee Owor ikafungwa kwa robo ya mapigo yake.

Nilikula nyama yao. Hilo pia nilifanya.

*

Wiki iliyofuata nilijaribu kurudisha. Programu za kufufua mafaili yaliyofutwa zilinipa vipande vya mechi na nusu ya harusi ya mtu. Mahali pale palikuwa pameandikwa juu tayari, na niliyeandika nilikuwa mimi, shati jeupe, beti kumi na nne. Nikalichukua lile dogo nikaligeuza liwe kubwa. Inawezekana. Mega thelathini na nane zilikuwa giga sita tena, na ndani yake tik zilezile. Nilikuwa nimenunua debe kubwa kwa maji ya kikombe.

Nikajaribu kusoma mashairi yangu. Nilihesabu mizani kwa vidole, nane na nane, na kwa mara ya kwanza sikujua nahesabu nini.

Siku ya soko nilikwenda kwa Amondi. Alikuwa akipiga rangi viatu vya kiume. Nilichuchumaa ng'ambo ya turubai nikamweleza yote bila kupamba: diski, Jumanne, muhogo. Hakuacha kupiga rangi.

"Najua," alisema.

"Unajua nini, dada?"

"Siku ile baba alipomaliza, mimi nilisikiliza kidogo. Alikuwa hai, hakuna ubaya. Simu ilikuwa natetemeka ndani ya mkono. Hii hii." Alifungua kiganja cheusi kwa rangi ya viatu. "Kwa hiyo uliposema simu haikushika, nilijua ni wewe."

"Sasa kwa nini ulipiga magoti?"

"Ulitaka niseme nini? Wewe ndiye fundi, umekaa mbele, umenawishwa. Mimi nauza viatu. Tena vijana walikuwa wamekunywa tangu asubuhi. Ningekunyooshea kidole, wangekuvunja. Mgeni akivunjwa siku ya lumbe, hiyo ni aibu ya baba." Alikiweka kiatu chini, akachukua mwenzake. "Umewaambia kule?"

"Bado."

"Umekuja kuniambia mimi ninayejua."

Niliokota kiatu kilichoanguka, nikakirudisha kwenye turubai.

"Opendi anarudi Juba Jumamosi," alisema. "Juzi nilimwambia naikumbuka kidogo. Nimeisikia tangu tumboni, nikasimama dakika arobaini na nane naiangalia. Nilimwambia nimpigie hata kwenye beseni, ashike anachoweza. Unajua amesema nini? Amesema dada, ngoma imekukataa, tusiichokoze." Hapo tu ndipo alipoacha kupiga rangi. "Ndugu yangu wa tumbo moja."

*

Ijumaa nilikwenda Kisoko. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri, na nilipomkuta Mzee Oketcho akimenya mihogo mlangoni na Opendi ameketi kwenye jiwe akila, hotuba ilinitoka kichwani yote. Niliwaambia simu haikuwa na kosa. Nikasema ilikuwa imeshika ngoma vizuri, na mkono ulioitupa ni wangu, kwa sababu nilitaka nafasi ya kuweka sura yangu. Opendi alisimama, sahani ingali mkononi. Nilifikiri atanipiga, na nilitamani anipige.

Oketcho alimwambia aketi.

"Kwa hivyo haikukataa," mzee alisema.

"Haikukataa, mzee."

"Na mimi nilimwambia yule mtoto, mbele ya watu..." Hakumaliza. Alimenya muhogo mzima, polepole, akautia majini. Kisha aliita ndani. Amondi alitoka akijipangusa mikono. Sikujua kama alikuwa amesikia. Alipiga magoti kusalimu kama desturi, na mzee akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nielewe:

"Inuka. Unaikumbuka?"

"Kiasi, baba mdogo."

"Kiasi gani?"

"Ya pili yote. Ya tatu nachanganya. Ya nne najua mwisho wake tu."

Mzee alitazama nyumba iliyohifadhi ngoma. Alitazama kwa muda mrefu, na sitasema alikuwa akiwaza nini. Kisha alinyanyuka, akaingia, akaivuta fumbo kwa mikono yake mwenyewe mpaka katikati ya chumba. Opendi alimfuata. Amondi alibaki kizingitini, mguu mmoja ndani.

Nilikuwa nimeshatoa simu. Sijui niliitoa saa ngapi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Oketcho aliniona.

"Wewe, kijana wa Teso," alisema, bila ukali. "Wewe kaa nje kwanza."

Amondi aliingia, mlango ukafungwa. Niliketi kwenye jiwe la Opendi, kando ya beseni la mihogo, na kwa muda hapakusikika kitu ila sauti ya mzee akiuliza na Amondi akijibu kwa lugha yao. Kisha ngoma ikalia mara moja, ikanyamaza, kama mtu aliyeshtushwa na sauti yake mwenyewe. Ikalia tena. Nilihisi ardhi ikitetemeka nyayoni. Ilikwenda vizuri, ikafika mahali ikakosea, nikamsikia Amondi akijilaumu. Kisha akaanza upya, kutoka mwanzo kabisa.